Mkoba wa Dawa za Shangazi

Katika nyumba nyingi za Unguja zilizo na mzee, pana rafu au ubao uliopigiliwa juu ya kitanda ambao haukuwekwa kwa madhumuni ya dawa, lakini kwa kupita siku umegeuka duka zima la dawa: habasoda imesimama kando ya kopo la mafuta ya samaki lililotoka Ulaya, ubani umefungwa katika kipande cha gazeti, karatasi za vidonge vya presha zimebanwa kwa mpira, na nyuma ya vyote hivyo pana chupa moja au mbili ambazo hapana mtu nyumbani awezaye kusema nani alizileta wala zilikusudiwa maradhi gani. Kila kimoja katika vitu hivyo kiliingia kwa mapenzi. Mwana aliyeko ughaibuni hawezi kumshika mama yake mkono akamvusha barabara, basi humpelekea chupa. Jirani asiye na fedha ya kutoa huja na mzizi aliouchimba mwenyewe. Mimi si mtu wa kuyabeza mapenzi hayo, kwani nami nimekwisha kuyatia katika mfuko wa safari mara nyingi. Nia yangu ni kusimulia niliyoyaona katika ukoo wetu wakati shangazi yangu, ndugu mkubwa wa marehemu baba, alipopotewa na furaha na kumbukumbu kwa pamoja, na jamaa wote, walioko hapa na walioko mbali, wakashindana kumponya.

Shangazi alikuwa mwalimu wa chuo. Kwa miaka mingi ukumbi wa nyumba yake ya Ng'ambo ulijaa watoto waliokaa juu ya majamvi, na yeye, huku akishona kofia, aliweza kuzisikiliza sauti zao zote zikisoma sura mbalimbali kwa wakati mmoja, akamrudi mtoto wa pembeni aliyekosea irabu bila ya kuinua macho katika sindano yake. Alizijua nasaba za mtaa kuliko wenyewe wenye nasaba, na mara nyingi posa ilisimama ikangojea neno lake, maana yeye ndiye aliyekumbuka nani alinyonya ziwa moja na nani. Kwa mtu wa sifa hizo kusahau hakukuwa upungufu mdogo. Kulikuwa kama kumwondolea cheo.

Mumewe alipofariki alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi kama ipasavyo, na katika muda huo nyumba haikukosa watu, wala uji, wala dua. Taabu ilianza eda ilipokwisha, wakati watu walipodhani kuwa msiba nao umekwisha. Alianza kuuliza jambo lililokwisha kujibiwa. Mchuzi ulitiwa chumvi mara mbili, na siku nyingine haukutiwa kabisa. Chakula kikamchusha, akawa anashinda kwa chai na kipande cha boflo. Usiku hakupata usingizi na mchana akasinzia kitini. Akalalamika kwamba nyayo zake zinakufa ganzi na kuchomachoma. Na watoto wa chuo, ambao kelele zao zilikuwa burudani yake, akaamuru wapelekwe kwa mwalimu mwingine kwa sababu kichwa chake hakiwawezi tena. Majirani walitoa hukumu zao: mmoja alisema ni uzee, mwingine husuda, wa tatu akanong'ona habari za jini. Aliyesema uzee ndiye aliyesikilizwa na wengi, na kwa rai yangu ndiye aliyedhuru zaidi, kwa kuwa anayesingizia husuda au jini angalau hutafuta dawa, lakini anayesingizia uzee hukunja mikono akakaa.

Dawa za kwanza zilikuwa za nyumbani, na hizi nataka kuzitaja kwa heshima inayozistahili. Alikuja sheikh mmoja, mzee wa makamo yake, akamwandikia kombe: aya zilizoandikwa kwa wino wa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi na maji, naye akanywa. Mimi sina neno juu ya baraka ya aya, nalo si jambo la kupimwa kwa mizani ya daktari. Lakini habari ya zafarani yenyewe ilinishangaza baadaye nilipoisoma, kwani tangu mwanzo wa karne hii matabibu wa Iran wameijaribu kwa watu wenye sonona nyepesi na ya wastani, wakiwapa miligramu 30 za dondoo yake kwa siku kwa muda wa wiki 6 au 8, na wagonjwa hao wakaonekana kupata nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu, nafuu iliyokaribia ile iletwayo na baadhi ya dawa za hospitali. Majaribio hayo yalikuwa ya watu wachache na ya muda mfupi, wala hayatoshi kumfanya mtu mwenye sonona kali aache matibabu yake. Na zafarani ya kweli ni ghali, kwa sababu kila ua hutoa nyuzi tatu tu, hata sokoni mtu hawezi kuwa na yakini kwamba anachouziwa si nyuzi za mmea mwingine zilizotiwa rangi. Tena kipimo cha zafarani kilichomo katika sahani ya kombe ni kidogo mno. Niliyoyaona mimi ni kwamba yule sheikh hakuondoka upesi. Alikaa akamwuliza habari za marehemu, akamkumbusha safari yao ya jahazi kwenda Pemba ambapo marehemu alitapika njia nzima na huku akijisifu ubaharia, na shangazi, kwa mara ya kwanza tangu matanga, akacheka. Kama kombe lile lilimfaa, basi sehemu ya manufaa yake ilikuwa katika kikao.

Ubani ulikuja kutoka Maskati, mweupe na mzuri, pamoja na maelezo kwamba ulowekwe usiku na maji yake yanywewe asubuhi kabla ya chakula, kwa ajili ya hifdhi. Desturi hiyo ni ya kale sana katika nchi za Waarabu na pwani yetu, na wanafunzi wengi wa vyuo wamenyweshwa maji hayo. Lakini majaribio yake yaliyofanywa na wataalamu wa zama hizi kuhusu kumbukumbu kwa sehemu kubwa ni ya panya, na baina ya panya aliyepata njia yake katika kijumba cha majaribio na bibi aliyepotewa na jina la mjukuu wake, masafa ni marefu. Habasoda nayo ikaja na asali, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Waislamu wanaijua hadithi iliyopokewa juu ya fadhila za habasoda, na wanaijua vyema kuliko wanavyojua kwamba hata miongoni mwa wanavyuoni wa kale walikuwapo waliosema kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahususi, yaani haina maana ya kila maradhi kwa kila mtu. Hapo hapana aliyekumbuka jambo moja dogo: shangazi ana sukari. Tulikuwa tukimpa mgonjwa wa sukari asali mara mbili kwa siku, pamoja na mbegu ambayo yenyewe imeonekana kushusha sukari kidogo, juu ya vidonge vyake vya kushusha sukari, na hapana aliyekuwa akiipima.

Baada ya hizo zikafuata chupa za Ulaya. Binti yake, ambaye kwa hesabu za ukoo ni dada yangu, ameolewa Uingereza, na kila msafiri aliyetoka huko alibeba kitu. Katika hizo chupa iliyoheshimiwa kupita zote ilikuwa ya majani ya ginkgo. Mti huu una tarehe ya ajabu: ni mti wa Uchina ambao jamaa zake wote wa kale wamekwisha kutoweka duniani ukabaki wenyewe, na baadhi ya miti yake ilisimama Hiroshima mwaka 1945 ikaungua na kisha ikachipua tena. Mti usiokufa, mtu hujiambia, bila shaka una siri ya kuhuisha. Hoja hiyo ni tamu, lakini imekwisha kufanyiwa mtihani. Huko Marekani watu 3,069, wengi wao wakiwa na miaka 75 na zaidi, waligawanywa mafungu mawili, wengine wakapewa ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku na wengine vidonge vitupu vyenye sura ile ile, wakafuatwa kwa muda wa takriban miaka 6. Na majibu yalipotolewa mwaka 2008, waliokunywa ginkgo hawakupungukiwa na maradhi ya kupoteza akili kuliko wenzao. Wafaransa nao wakafanya mtihani wa namna hiyo kwa watu zaidi ya 2,800 waliokuwa na miaka 70 na kuendelea, kwa miaka 5, na mwaka 2012 wakatoa jawabu lile lile. Ni nadra kwa jani la mti kuulizwa swali kwa subira ya namna hiyo, na ni nadra zaidi kujibu kwa uwazi kiasi kile. Na kwa kuwa inadhaniwa kwamba ginkgo huweza kuzidisha utokaji wa damu, matabibu humtahadharisha nayo mtu anayetumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande.

Mafuta ya samaki hayakuwa na bahati bora. Katika jaribio jingine la Marekani, yalijaribiwa kwa watu zaidi ya 18,000 wenye miaka 50 na zaidi kwa muda wa miaka 5 hivi, na ilipofika mwaka 2021 ikadhihirika kwamba hayakuwakinga na sonona. Vitamini D, iliyojaribiwa pamoja nayo, haikuwakinga pia. Nami nilistaajabu kwa nini tuliyahitaji mafuta hayo katika kisiwa ambacho vibua na dagaa hupita mlangoni katika tenga asubuhi, vikiwa na mafuta yao ndani na nyama yao juu.

Msomaji atauliza, ikiwa mambo ni hivyo, mbona chupa hizo zimejaa madukani, tena zimeandikwa maneno ya kutia moyo? Sehemu ya jawabu iko katika sheria. Huko Marekani, ambako biashara hii ni kubwa mno, sheria ya mwaka 1994 iliviweka virutubisho vya ziada katika jamii ya vyakula zaidi kuliko dawa, na mwenye kuviuza hakulazimika kuthibitisha kwanza kwamba vinafaa, mradi asidai kwamba vinatibu maradhi. Ndiyo sababu maandishi ya chupa husema kwamba kilichomo kinategemeza kumbukumbu, au kinasaidia utulivu wa nafsi, na chini yake, kwa herufi ambazo hapana mzee awezaye kuzisoma, husema kwamba hakikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Herufi kubwa husema na mnunuzi. Ndogo husema na hakimu.

Sitaki kuwa mkali kupita haki. Katika miaka ya 2022 hadi 2024 zilitolewa habari za majaribio mengine ya Marekani yaliyoonyesha kwamba kidonge cha kila siku cha vitamini mchanganyiko kilileta faida ndogo ya kumbukumbu kwa watu wazima wa huko. Faida ndogo, lakini haikuwa uwongo. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuwanasihi matabibu wasiwaagizie watu vitamini B, vitamini E wala mafuta ya namna ya yale ya samaki kwa ajili ya kuzuia kupungua kwa akili, na badala yake likahimiza mazoezi ya mwili. Elimu hii haijafunga mlango. Lakini aliye na fedha ya chupa moja tu hawezi kungoja milango yote ifunguliwe ndipo achague.

Chupa moja ilinitisha kuliko zote, nayo ilinitisha kwa sababu inafanya kazi. Ni ya mmea wenye maua ya manjano ambao Wazungu wameupa jina la Mtakatifu Yohana, na wataalamu huuita Hypericum perforatum. Mwaka 2008 yalikusanywa majaribio yake 29, yenye watu zaidi ya 5,000, na ikaonekana kwamba kwa sonona ya kiasi dawa hiyo inashinda vidonge vitupu na inakaribiana na dawa za hospitali, tena kwa maudhi machache. Mtu akiishia hapo atainunua kwa katoni. Lakini mmea huo huliamsha ini likazivunja dawa nyingine upesi kuliko desturi, hata mgonjwa akameza kipimo chake kamili na mwilini kisibaki cha kumtosha. Mwaka 2000 ilithibitishwa kwamba ulipunguza kiwango cha dawa moja ya virusi vya UKIMWI katika damu kwa zaidi ya nusu. Huipunguza nguvu warfarini ya wenye maradhi ya moyo. Huharibu vidonge vya uzazi wa mpango. Na ukichanganywa na baadhi ya dawa za sonona za hospitali huweza kuleta tetemeko, homa na hatari ya mauti. Jamaa yetu mmoja anayetumia warfarini aliiona chupa hiyo kwa shangazi akaiomba, kwani naye hakuwa na furaha. Aliyemzuia ni muuza dawa wa mtaa, ambaye aliisoma chupa, akamtazama, akamwuliza: "Mzee wangu, damu yako umepima lini?" Watu huona fahari kusema kwamba kitu cha asili hakidhuru. Dafu ni la asili, na mwenye figo mbovu hukatazwa.

Hatimaye tulimpeleka shangazi kwa tabibu, kijana aliyemwamkia kwa adabu, "Shikamoo, bibi," akapewa, "Marahaba, mwanangu," na kabla ya kupima lolote akauliza kama tumekuja na dawa zake. Tukamtolea cheti cha presha na cheti cha sukari. Akasema hapana, anataka zote, za hospitali, za miti, za maduka ya sunna na za majirani, na hata hizo ambazo bibi anaona aibu kuzitaja. Basi kijana mmoja akarudi nyumbani, akarejea na mkoba wa ukili ambao shangazi alikuwa akiutumia kwenda sokoni, umejaa. Tabibu akaumwaga mezani. Akavipanga vilivyomo mafungu matatu, vya kufaa, visivyofaa wala kudhuru, na vya kudhuru, bila ya haraka, na bila ya kutoa neno la kejeli, jambo ambalo lilimpatia imani ya shangazi kuliko shahada zilizokuwa ukutani.

Kisha akamfanyia mtihani wa akili ambao nilikuwa sijapata kuuona. Hakumpa kalamu wala kumwambia achore saa, kwa kuwa mtihani huo ulitungwa na watu waliofanya kazi Tanzania na Nigeria kwa ajili ya wazee ambao wengi wao hawakupita skuli. Alimpa njiti za kiberiti amwige umbo alilolipanga yeye, akamtajia maneno ya kuyashika na kuyarudia baadaye, akamwambia ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Njiti zilimshinda. Wanyama wakaishia kwa punda. Lakini alipoulizwa daraja ni nini, shangazi alimkazia macho akasema, "Daraja lipi? La Darajani? Limeondoka zamani, limebaki jina," na tabibu, baada ya kucheka, akampa alama yake. Alituambia pia jambo ambalo nimelishika: mzee mwenye sonona, akiulizwa, mara nyingi husema "sijui" na kunyamaza, na mzee ambaye akili yake inapungua kwa maradhi ya ubongo mara nyingi hubuni jawabu ili asionekane, na shangazi alikuwa akifanya yote mawili.

Fungu la kwanza lilikuwa na metfomini, dawa ya sukari aliyoitumia kwa miaka mingi. Hii ni dawa njema, wala tabibu hakuiondoa. Lakini kwa wanaoitumia kwa muda mrefu huweza kuzuia mwili usipokee vitamini B12, na tumbo la uzeeni, ambalo asidi yake imepungua, nalo huipokea kwa taabu. Ini la mtu huweka akiba ya vitamini hiyo ya kutosha miaka kadhaa, hata upungufu huja kimya, na ukija huleta yale yale tuliyokuwa tukiyaita uzee na husuda: ganzi ya nyayo, usahaulifu, simanzi, kukosa hamu. Damu ikapimwa. B12 yake ilikuwa chini sana. Chai na boflo za baada ya eda hazikuwa zimeanzisha jambo, kwani B12 hupatikana katika samaki, nyama, mayai na maziwa na akiba hudumu. Bali zilimkuta njiani zikamsukuma.

Nikakumbuka hapo nilivyokwisha kusoma kwamba mwaka 1926, huko Boston, matabibu Minot na Murphy waliwaponya watu waliokuwa wakifa kwa upungufu mbaya wa damu kwa kuwalisha maini kila siku, na mwaka 1934 Minot na Murphy, pamoja na Whipple, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel, miaka 14 kabla ya kitu chenyewe kilichomo katika maini kutengwa mwaka 1948. Hiki basi ni kirutubisho cha asili, tena cha nyumbani, na kwa mwenye kupungukiwa hufanya kazi iliyo bayana. Kumzidishia asiyepungukiwa hakukuonekana kumzidishia akili. Fundi wa jahazi hutia kalafati palipo na ufa; akiibandika juu ya ubao mzima, chombo hakiendi mbio zaidi. Ilikuwako katika mkoba chupa ya kuongeza damu yenye foliki asidi, nayo tabibu akaisitisha kwa muda, kwa sababu foliki asidi ikitolewa peke yake huweza kuipendezesha damu katika vipimo na huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12.

Fungu la tatu, la vitu vya kudhuru, lilikuwa na kitu ambacho hapana aliyekidhania: vile vidonge vidogo vya mafua ambavyo watu huviita piritoni. Shangazi alishauriwa na jirani avimeze usiku apate usingizi, na kweli vilimlaza, akavimeza kila siku. Tabibu alieleza kwamba vidonge hivyo huzuia kazi ya asetilikolini, kitu ambacho ubongo hukitumia katika kukumbuka, na ambacho mzee tayari anacho kwa uhaba. Na hapa pana ajabu. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Urusi ya Kisovieti na wa Bulgaria walitoa katika maua madogo meupe yachipuayo mwisho wa baridi dawa iitwayo galantamini, ambayo huilinda hiyo hiyo asetilikolini isivunjwe, na leo dawa hiyo hutolewa kwa wagonjwa wa Alzheimer, ikiwafaa kwa kiasi. Kwa hiyo kitu ambacho huko ng'ambo watu walikihangaikia mpaka katika mizizi ya maua ili wakizidishe, shangazi yangu alikuwa akikipunguza kila usiku kwa kidonge cha shilingi chache; na ginkgo yote ya Uingereza isingaliweza kulipa deni hilo. Nafuu ya kwanza aliyoipata haikutokana na dawa iliyoongezwa. Ilitokana na iliyoondolewa.

Alichomwa sindano za B12, akarudishiwa samaki na maini katika sahani yake, piritoni zikakoma, na tabibu akatutaka tumrudishie watoto wawili watatu wa chuo wakati wa alasiri, si kwa ajili yao. Ganzi ilipungua polepole kwa miezi. Hamu ya chakula ilitangulia. Furaha haikurudi kama ilivyoondoka, kwani mume hakurudi, lakini ile hali ya kukaa akitazama ukuta iliondoka. Kumbukumbu haikurudi yote; jina la mtu aliyemwona jana humpotea, na kwa hakika pana maradhi ya ubongo chini ya hayo yaliyotibika, na hapana aliyetuficha. Mtoto anapokosea irabu, hata hivyo, bado humrudi, kwa kuwa alichokihifadhi utotoni kimekaa mahali ambapo maradhi hayajafika.

Baadaye nilijifunza kwamba maagizo ya tabibu juu ya wale watoto yana jamaa zake katika utafiti. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakawapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, wakakuta kwamba kiasi cha 6.4 katika kila mia wana maradhi ya kupoteza akili, na wengi wao hawakuwa wamepata kuonana na tabibu kwa ajili hiyo. Huko huko, katika habari iliyotolewa mwaka 2017, wagonjwa 34 walikusanywa kwa vikao 14 katika muda wa wiki 7, wakizungumza, wakicheza, wakitaja vyakula na nyimbo na mambo ya zamani kwa mpango maalumu, na vipimo vyao vya akili vikapanda. Vikao hivyo haviuzwi katika chupa, na nadhani ndiyo sababu havitangazwi.

Fedha nayo ina sauti katika jambo hili. Serikali ya Zanzibar ilipoanza kutoa pencheni kwa kila mzee aliyefikia miaka 70, mwaka 2016, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, nayo ilikuwa jambo la kheri ambalo nchi nyingi tajiri kuliko sisi hazijalifikia; lakini chupa ya ginkgo niliyoiona katika duka la mjini ilitaka zaidi ya hiyo. Kwa thamani yake mzee hupata samaki wa siku nyingi, na nauli ya kwenda kupimwa sukari. Ninawajua wazee waliokopa wakanunua chupa na huku dawa ya presha imewaishia.

Tabibu aliona pia kwamba shangazi alimjibu vizuri akiwa mbele yake, na alipomsemesha kutoka nyuma hakujibu kabisa. Masikio yakaoshwa nta, yakapimwa, na akapewa chombo cha kusikilia. Mwaka 2020 jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la Lancet lilikwisha kuutaja upungufu wa kusikia kuwa miongoni mwa sababu kubwa za kupoteza akili zinazoweza kushughulikiwa, na mtu hahitaji jopo ili afahamu kwamba asiyesikia swali hawezi kulikumbuka. Nusu ya yale tuliyoyahesabu kuwa ameyasahau, hakuwa ameyasikia. Siku hizi analalamika kwamba redio ya jirani ina makelele, na kwamba ilikuwaje miaka yote hii hapana aliyeizuia.

Binti yake alipopiga simu kuuliza msafiri wa safari hii amletee mama chupa gani, nilimwambia alete betri za chombo cha masikio, namba 13, zile zenye karatasi ya rangi ya machungwa, kwa kuwa hapa hupatikana kwa shida na moja haifiki wiki mbili. Akauliza kama na ginkgo alete, maana amekwisha kuilipia. Nikamwambia airudishe dukani, apewe fedha yake, anunulie betri nyingine.